Kabla Hujatoa Milioni Tatu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Fundi wa Pili Kampala

Toyota Wish yangu ilianza kupiga kishindo. Nikitoa gia kwenye P kuipeleka D, gari zima linatikisika, sauti nzito inatoka mbele, "ndu!", halafu linatembea kama kawaida. Fundi wa gereji ya kwanza aliliendesha mpaka getini, akarudi, akazima injini. "Mama, gia boksi imekwisha. Milioni mbili na laki nane, pamoja na kazi." Mimi natoa bidhaa Busia, mpakani, kuzileta Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Bila gari sina biashara. Jioni ile ile nilimpigia mdogo wangu simu anikopeshe za kuongezea.

Dereva mmoja wa spesho haya (gari la kukodi), ambaye naye anaendesha Wish, ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Ndeeba. Mzee yule hakuniuliza nilikotoka wala nilichoambiwa. Alifungua boneti, akaniambia nikae kwenye usukani, nikanyage breki kwa nguvu, niweke D, kisha R, kisha D tena. Yeye amesimama pembeni, macho kwenye injini. Kila nilipobadilisha, injini iliruka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Akapenyeza nondo chini yake, akainyanyua kidogo, akaniita nishuke nione mwenyewe: raba ya mauntingi, kile kishikio kinachoikalisha injini, ilikuwa imechanika katikati, chuma kimekalia chuma. Tulibadilisha mauntingi mbili, na gharama haikufika laki tatu. Gia boksi ile ile niliyoambiwa imekufa ndiyo inayonipeleka Busia hadi leo.

Simwiti fundi wa kwanza mwizi. Alisikia kishindo gia ikiingia, akataja kitu cha kwanza kilichomjia kichwani. Tofauti yake na mzee wa Ndeeba ni moja tu: mmoja alikisia, mwingine alipima mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo nina sharti langu, na mwongozo huu wote umesimama juu yake: kwa fundi wa pili napeleka dalili, sipeleki jina la ugonjwa. Na silipi mamilioni kwa neno la mdomo lisilo na kipimo nyuma yake.

Zuia kufunguliwa

Gari likishafunguliwa, uhuru wako umekwisha. Kichwa cha injini kiko juu ya gunia, bolti ziko kwenye kopo la rangi, na hakuna fundi mwingine atakayekubali kupima injini iliyolala vipande vipande. Tena, fundi aliyefanya kazi kwa ruhusa yako ana haki ya kulishikilia gari mpaka umlipe jasho lake. Utamwendea wa pili ukiwa na nini?

Kwa hiyo sema mapema, kabla hujatoa ufunguo: "Pima tu. Usifungue kitu mpaka mimi mwenyewe nikubali. Kupima ni shilingi ngapi?" Mkikubaliana bei ya kupima, mwandikie ujumbe wa WhatsApp wenye maneno hayo hayo, hata kama amesimama mbele yako. Ujumbe huo siku moja utakuwa shahidi.

Kabla ya kuliacha gari popote, piga picha. Kilomita kwenye dashibodi, kiwango cha mafuta, betri na jina lake, tairi zote nne na ya akiba, jeki, redio. Inama upige na chini ya gari, masega (kile kisafisha moshi cha ekzosi) yaonekane. Masega yana madini ya thamani ndani yake, platinamu na wenzake, na watu huyakata usiku mmoja tu. Gari likirudi linanguruma kuliko lilivyoingia, kimbilia kwenye picha zako.

Je, gari liendeshwe au livutwe?

Hapa usijipe moyo. Yapo mambo ambayo yakitokea hutakiwi kuendesha hata kilomita moja kwenda kwa fundi wa pili: taa nyekundu ya oili kuwaka injini ikiwa inafanya kazi, mshale wa joto kupanda kwenye nyekundu, pedali ya breki kuzama hadi chini, usukani kukaza au kucheza ghafla. Taa ya injini inayowaka na kuzima kwa kumeta nayo imo. Inayowaka tu bila kumeta hukupa muda, lakini inayometa maana yake silinda fulani haichomi, petroli mbichi inakwenda kuunguza masega.

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayosukumwa na injini yakizunguka chini, kwa sababu gia boksi nyingi hulainishwa na pampu inayoendeshwa na injini, na injini ikiwa imezimwa ndani kunakauka. Subaru na nyingine zinazosukuma magurudumu yote manne zinataka kubebwa mgongoni mwa lori la breki dauni. Ni ghali kuliko kamba, ndiyo. Lakini nimeona mtu aliyeanza safari na tatizo la alteneta akafika na tatizo la gia boksi.

Chukua maneno ya fundi wa kwanza kwa maandishi

Usigombane naye. Mwambie, "Asante fundi, nahitaji kushauriana na nyumbani kwanza." Kila mtu Uganda anaelewa sentensi hiyo, na hakuna anayeudhika. Mlipe pesa ya kupima mliyokubaliana, hata kama unashuku majibu yake. Kisha mwombe akuandikie, au uandike wewe akisema:

Kitu gani kimeharibika, kwa jina lake kamili. "Injini imekufa" si jibu, kwa maana injini ni mamia ya vitu. Ni ringi za pistoni? Ni gasketi ya kichwa? Ni cheni ya taiming?

Alijuaje? Hili ndilo swali lenyewe. Alipima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), akapata namba ngapi kwa kila silinda? Alipiga mashine ya kompyuta, ikatoa kodi gani, yaani namba ya hitilafu? Piga picha skrini yenye kodi, na umwombe asizifute. Kodi zikifutwa, fundi wa pili anaanza gizani.

Bei ya spea peke yake, na ya kazi peke yake. Spea mpya ya kampuni yenyewe, mpya ya kampuni nyingine, au mtumba wa Japani? Bei iliyopigwa jumla huficha mengi.

Mwangalie uso unapouliza la pili. Fundi aliyepima hafurahii tu kukuonyesha, hujivunia. Asiyepima huanza kukuambia ana miaka mingapi kwenye kazi. Uzoefu ni kitu kikubwa na mimi nauheshimu, lakini hata daktari mzee bado anatumia kipima joto.

Kumchagua wa pili

Fundi anayepakana na wa kwanza hafai. Kwenye yadi zetu mafundi kumi wanashiriki uwanja mmoja, jeki moja na chai moja. Kumwuliza wa pili pale pale ni kumtaka amkane ndugu yake mbele za watu. Ondoka mtaa huo.

Tafuta anayekifahamu kiungo chenyewe. Kampala mafundi wamegawana kazi: kuna wa umeme tu, wa gia boksi tu, wa nozeli na pampu za dizeli, wa AC, wa bodi. Kishindo cha gia kipeleke kwa wa gia boksi, lakini chagua yule anayezitengeneza, si yule anayeziuza. Mwenye gia boksi tano za mtumba zimepangwa mlangoni ataona gia boksi mbovu kwenye kila gari linaloingia.

Wapo pia watu wenye mashine nzuri za kompyuta ambao kazi yao ni kupima tu. Unalipa, unapewa majibu, unakwenda kutengeneza popote. Hao nawapenda kwa shauri la pili kwa sababu hawapati chochote gari likifunguliwa.

Utawapataje? Nenda kwenye steji ya spesho haya au ya taksi, utafute gari kama lako. Madereva wa Premio na Wish mjini wanaendesha kutwa nzima, na wengi wana deni la mwenye gari jioni. Hawana pesa ya kuchezea. Waulize, "Gia boksi ikisumbua unakwenda kwa nani?" Jina likitajwa na madereva wawili wasiojuana, hilo ni jina la kuandika. Wenye Drone, zile Hiace, ndio wa kuwauliza habari za dizeli.

Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa jioni na Jumamosi uwanja umejaa, kila mtu ana haraka, na haraka ndiyo mama wa kukisia.

Mweleze dalili, funga mdomo kuhusu hukumu

Ukimwambia "Nimeambiwa gia boksi imekufa, milioni mbili na laki nane, wewe unasemaje?", umeshamharibia. Kuna mawili: atakubali ili asihangaike, au atakata laki tano uone yeye ni mwema. Katika yote mawili, gari halijapimwa.

Mpe hadithi ya gari. Lini ilianza. Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya kupata joto? Mwendo gani? Kwenye foleni ya Jinja Road au likiwa kasi Northern Bypass? Unapopanda mlima au unapoachia mafuta? Sauti inatoka upande gani? Kitu gani kilitengenezwa karibuni? Hili la mwisho watu wengi hulisahau, na mara nyingi ndilo jibu. Mtu ameosha injini Jumapili, Jumatatu gari linatetemeka, na koili zinazowasha plagi zimejaa maji.

Kama tatizo hutokea injini ikiwa baridi, lilaze gari kwa fundi ili aliwashe mwenyewe alfajiri. Ukifika umeendesha saa nzima, dalili imekwisha njiani. Rekodi sauti na mshale wa joto kwa simu pia, tatizo likitokea mbali na gereji.

Akishatoa jibu lake, na kipimo chake, hapo ndipo utoe karatasi ya kwanza. Mkizilinganisha pamoja utajifunza zaidi ya kukaa kimya hadi mwisho.

Vipimo vya kudai, kwa ugonjwa

*Ukiambiwa injini haina nguvu, ifunguliwe au inunuliwe nyingine.* Dai kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote. Injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, petroli izuiwe, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Kasoro kwenye lolote kati ya hayo hushusha namba. Andika namba zote. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: tatu zikisoma 150 (kwa kipimo cha psi) na moja 90, hiyo moja inaumwa. Kisha amwage kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu apime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kazi ya valvu na kazi ya ringi hazilingani bei hata kidogo.

Na hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu jambo hili huwagharimu watu injini nzima nzima. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kama asilimia 87 tu ya ile ya Mombasa. Kitabu cha gari kikisema 175, injini yenye afya hapa husoma 150 na kidogo. Ukiipandisha Kabale, karibu mita 2,000 juu, husoma kama 140. Fundi anayelinganisha namba yako na kitabu bila kufanya hesabu hii atakuambia injini imechoka, na kwa kitabu chake hasemi uongo. Silinda nne zinazolingana, zote zimeshuka kidogo, mara nyingi zinakusimulia urefu wa milima.

*Ukiambiwa inakula oili.* Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo, zilizomo kwenye Wish na Premio nyingi za hapa, zinajulikana kwa hilo, hivyo fundi anaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini uliza oili inapita wapi. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha tu, halafu unapotea, mara nyingi hutokana na sili za valvu, na hizo ni nafuu. Moshi wa bluu kila ukikanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi. Ivuje au iungue, pima: jaza hadi alama, tembea kilomita 500, pima tena kwenye kijiti. Namba hiyo peke yake itakuambia kama unahitaji kufungua injini sasa, au kuongeza oili huku ukijipanga.

*Ukiambiwa gasketi ya kichwa imeungua.* Gari limechemsha, na hukumu hii hutolewa haraka mno. Kabla ya kichwa, anza na vitu vya bei ndogo: mfuniko wa rejeta, thamostati, feni, hozi, uvujaji. Kwa urefu wa Kampala maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana shinikizo ili yasichemke. Springi yake ikichoka, maji yanaanza kuchemka karibu na joto lile lile ambalo feni ndiyo kwanza inawaka. Umekwama Bwaise kwenye foleni, mvuke unatoka, na mtu anakutajia gasketi. Mfuniko mpya ni bei ya chakula cha mchana.

Yakiwa mazima hayo, kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye chupa juu ya mdomo wa rejeta, injini ikiwa imewashwa. Gesi ya moshi ikipenya ndani ya maji, dawa hugeuka njano. Hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyoviona, kwa sababu hata mimi nisiyejua kushika spana nilikisoma. Pia rejeta ijazwe upepo kwa pampu yake na iachwe: ikishuka shinikizo na hakuna tone chini, maji yanakwenda ndani.

*Ukiambiwa gia boksi.* Kwanza oili yake, kiwango na rangi, ikipimwa kwa utaratibu wa gari lenyewe. Baadhi hupimwa kwa kijiti injini ikiunguruma, nyingine hazina kijiti kabisa na hupimwa kwa bolti chini, oili ikiwa na joto maalum. Nyekundu ni nzuri, kahawia imezeeka, nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma ni habari mbaya kweli. Uliza ni oili aina gani iliyomo. Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida huteleza na kutetemeka, na mtu anaweza kuibadilisha nzima kwa kosa la dumu moja. Kisha mauntingi, kama zangu. Kisha kodi: P0700 inasema tu "kompyuta ya gia boksi ina malalamiko". Lazima kuwe na kodi nyingine nyuma yake, na mashine ya maana huitoa. Mara nyingine ni solenoidi (valvu ya umeme) moja tu au waya.

*Ukiambiwa mashine imesema.* Mashine haisemi "badilisha". Kodi ni malalamiko ya kompyuta. P0420 inalalamikia masega, lakini mzizi unaweza kuwa sensa ya oksijeni au tundu kwenye ekzosi. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi. Kuna jaribio lisilo na gharama: hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, futa kodi, endesha. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Ikibaki P0301, hamisha plagi, kisha fikiria nozeli na kompresheni. Dakika 10 za kazi, badala ya seti ya koili nne.

Vile vijimashine vidogo vya kuunganisha na simu ni vizuri kuwa navyo, ila magari mengi ya zamani ya soko la Japani hukataa kuzungumza navyo. Kukataa huko hakumaanishi kontrolo boksi (kompyuta ya injini) imekufa, kama mtu mmoja alivyotaka kumwaminisha shemeji yangu.

*Betri na alteneta* ni dakika mbili kwa mita: betri iliyolala na chaji kamili husoma kama volti 12.6, na injini ikiwashwa magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. *Mbele ya gari*, linyanyue kwa jeki, litikise gurudumu kwa kulishika juu na chini: likicheza, ni beringi au bol jointi. Litikise kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi au reki. Barabara zetu zinaua vitu hivi kweli, lakini haviwi vibovu vyote siku moja.

Wakipingana, wakikubaliana

Wakipingana, usitafute wa tatu wa kuanza upya. Mpelekee wa tatu swali moja tu, lile walilotofautiana: "Pima kompresheni silinda ya pili, uniambie namba." Au, kama dawa ya mmoja ni ya laki moja na ya mwingine ni ya milioni tatu, na kuendesha hakuna hatari, anza na ya laki moja. Gari lenyewe litatoa shauri la tatu.

Wakikubaliana kwa vipimo, lipa. Jirani yangu mwenye Forester aliambiwa gasketi ya kichwa. Wa pili akaweka ile dawa ya bluu, ikawa njano haijapita dakika moja. Jirani hakutaka kuamini, akaenda kwa wa tatu, wa nne, huku akijaza maji kila asubuhi. Kichwa kikapinda. Kazi iliyokuwa gasketi na siku mbili ikawa gasketi, kukwangua uso wa kichwa kwenye mashine, na wiki mbili za boda boda. Subaru zile zinajulikana kwa gasketi. Shauri la pili lilikuwa zuri, ila hakulisikiliza kwa sababu halikuwa lile alilolitaka. Nilimhurumia sana, maana hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi ndiyo iliyomfikisha huko.

Bei ya spea na makubaliano

Hata hukumu ikiwa sahihi, bei yaweza kuwa si sahihi. Andika namba ya chesi na aina ya injini (kama 1ZZ), uende soko la spea la Kisekka mwenyewe au utume mtu unayemwamini, uulize maduka matatu. Usitaje gereji yako. Kwa injini au gia boksi ya mtumba, mwulize muuzaji dhamana yake ni siku ngapi na aiandike kwenye risiti, pamoja na namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Wauzaji wengi huweka alama ya rangi kwenye bolti. Nawe weka yako.

Makubaliano ya kazi yawe na majina ya spea, bei zake, siku ya kumaliza, na sentensi hii: "Kitu cha ziada hakibadilishwi bila kunipigia simu." Spea kuukuu zote urudishiwe, hata kama utazitupa. Lipa kwa awamu, spea kwanza, nusu ya kazi, nusu baada ya kuendesha. Tumia mobile money kuliko noti, maana ujumbe wa simu haupotei mfukoni. Gereji iliyosajiliwa kwa VAT ikupe risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato.

Kama ulishalipa kwa kazi isiyohitajika

Karatasi ya fundi wa pili sasa inageuka ushahidi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 inayohusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka anayetoa huduma aifanye kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Mwandikie gereji dai lako kwa maandishi, ubaki na nakala. Wakikataa, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo kwa mambo yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo unajisimamia mwenyewe bila wakili. Uliza kwanza mahakamani kama dai lako la gereji linapokelewa humo. Nenda na WhatsApp zako, ujumbe wa mobile money, picha za siku ya kwanza, spea kuukuu, na namba za vipimo vya pande zote mbili.

Siku ya kulichukua

Usilipe nusu ya mwisho kwa sababu gari limewaka. Rudia kipimo kile kile kilicholitia hatiani. Kama ilikuwa kompresheni, pima tena silinda zote. Kama ilikuwa gasketi, weka dawa ya bluu tena. Kama ilikuwa kodi, piga mashine gari likiwa limetoka kuendeshwa, kwa sababu kodi iliyofutwa asubuhi huchukua safari kadhaa kurudi. Panda na fundi, uendeshe wewe, katika hali ile ile iliyoleta dalili: kama ni mlima, tafuta mlima, kama ni foleni, ingia foleni. Mimi na mzee wa Ndeeba tulizunguka hadi Kibuye na kurudi, nikisimama kila baada ya muda kuweka P, D, R, D. Mara ya tano aliniambia, "Mama, sasa zima redio, usikilize tena." Nikazima, nikasikiliza. Kimya. Ndipo nikatoa simu nikamtumia pesa yake.